Nilimwachisha Mdogo Wangu Dawa

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nimekosea na sijui nianzie wapi.

Mdogo wangu ni fundi saa, na mwaka juzi alianza kusikia sauti zikimsema, tukampeleka hospitali akapewa vidonge, sauti zikanyamaza, tukashukuru, lakini mikono ikaanza kukakamaa na kutetemeka hata skrubu haishikiki, akawa anashinda kibandani ameinamia saa ya mteja mmoja tu tangu asubuhi, na mimi dada yake niliyemlea roho ikaniuma, nikamwambia, "Acha hivyo vidonge, umeshapona." Akaniamini. Wiki tatu mikono ikawa kama zamani, akawa anacheka, nikajiona nimemwokoa, kumbe. Mchana mmoja nikaitwa, nikamkuta amezamisha saa zote za wateja kwenye ndoo ya maji, ati zinamteta. Sasa amelazwa. Daktari alipouliza nani alimwachisha dawa, akajibu, "Mimi mwenyewe," nami nimesimama pale pale, nikanyamaza. Daktari amemwona mkaidi, anataka kumwanzishia sindano ya kila mwezi ya dawa ile ile. Niseme, au niache yapite?

Dada mtu

Dada mtu, pole. Uliona anateseka ukataka kumpunguzia, hilo nalielewa. Ila kunyamaza mbele ya daktari, hapo sikutetei.

Seli za ubongo hupelekeana ujumbe kwa kemikali. Mojawapo inaitwa dopamini. Seli moja huitoa, ya jirani huipokea. Kwa mgonjwa kama mdogo wako, ujumbe huo huzidi mahali fulani ubongoni, na dawa huziba baadhi ya vipokezi vyake. Ndiyo maana sauti zilinyamaza. Lakini kemikali hiyo hiyo huongoza viungo pia. Vipokezi vikizibwa kupita kiasi, mikono hukakamaa. Kwa hiyo dawa ilikuwa inafanya kazi, na mikono ilikuwa inaumia kweli. Daktari angeweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa, ila hakuna aliyemwambia, wewe ukajifanya daktari.

Sasa atachomwa dawa ile ile kwa sababu ya uongo alioubeba kwa ajili yako. Nenda kesho asubuhi. Sema, "Ni mimi niliyemwachisha, kwa sababu ya mikono yake." Kisha mwombe mdogo wako radhi, na usimwachishe tena kidonge hata kimoja bila daktari. Huenda wateja wasirudi. Hilo utaishi nalo. Lakini yeye, na ugonjwa wake wote, amekusitiri. Wewe mzima unashindwaje kumsemea?