Wanangu Wamenijengea Nafasi Kando ya Baba Yao

Mpendwa Mama Rozina, shikamoo. Nakuandikia kutoka Mugoma, naomba msaada wako na usilitaje jina langu, mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili, mume wangu Anatoli alifariki mwaka jana tukamzika kwenye migomba nyuma ya nyumba kama ilivyo kwetu, sasa mwezi wa saba wanangu wakalijengea kaburi, fundi alipomaliza ikabaki mifuko miwili ya sementi, basi mkubwa wao Niyibizi akasema, "Mama, hii itaganda bure, tukujengee na wewe hapo pembeni, siku ikifika tusihangaike," wakazungusha ukingo wa matofali, ndani udongo mtupu, nami nikawashukuru, na chai nikawapikia.

Tangu hapo sina raha. Nikianika nguo naiona ile nafasi, moyo unaenda mbio na mikono inakufa ganzi, zahanati walinipima presha wakasema iko sawa, katekista akaniambia nisali rozari na ninasali, lakini nikifika panapotajwa saa ya kufa kwetu sauti inakatika. Najiuliza, nimezaa, nimelima, nimepalilia maharage miaka yote, kumbe mwisho wangu ni sementi iliyobaki? Upande ule sijakanyaga wiki sita, kuna mkungu umekomaa mpaka umeanza kuiva juu, ndege wanautoboa na mimi nanunua ndizi kwa jirani.

Jumapili mjukuu wangu Irakoze, ana miaka minne na ninamlea mimi, aliingia ndani ya ule ukingo akajilaza, akaniita, "Bibi, njoo ulale kwenye kitanda chako!" Mama Rozina, nilimpiga. Sijawahi kumpiga mtoto yule, nilimpiga mpaka jirani akaja kumtoa, na sasa nikimwita anajificha nyuma ya mlango. Nataka niende kwa dada yangu Biharamulo nisirudi tena, Irakoze nimrudishe kwa baba yake. Niondoke au nibaki?

Mjane wa Mugoma

MAMA ROZINA ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa Anatoli, na pole kwa wanao waliokufanyia wema bila kufikiri. Ila mtoto umemwonea. Alikukaribisha mchezoni, wewe ukamwadhibu kwa kifo ambacho hata hakijui. Kabla ya jambo lolote, piga magoti mbele yake umwombe msamaha.

Biharamulo usiende. Huko nako watu wanazikwa, tena woga wako utapanda basi pamoja na wewe. Sitakudanganya kwamba utapona. Utakufa, nami nitakufa, na nikilifikiria hilo asubuhi chai hainipiti kooni. Dawa ya kuliondoa sina. Ninachojua ni kwamba ukiukimbia woga unakufuata hadi jikoni, lakini ukikaa nao unachoka kabla yako. Si siku zote, lakini mara nyingi.

Basi kila asubuhi, kabla hujashika jembe, chukua kigoda ukakae karibu na ule ukingo, miguu peku. Sikia ubaridi wa udongo. Vuta pumzi polepole, uifuate inavyoingia na kutoka. Moyo ukianza mbio, usibishane nao. Jiambie, "Huu ni woga, umekuja," halafu angalia umekaa wapi mwilini, kifuani au tumboni, kisha rudi kwenye pumzi. Mawazo ya mwisho wako yakija, yaache yapite, usiyasindikize. Siku ya kwanza utalia. Lia, kisha kesho urudi. Na ukiona usingizi na chakula vinakukataa, rudi zahanati uwaeleze yote uliyonieleza mimi, badala ya kunyoosha mkono wa presha na kunyamaza.

Niyibizi naye mwambie ukweli. Kama ukingo huutaki, aubomoe, matofali yatajenga banda la kuku. Shukrani uliyotoa ukiwa na msiba haikufungi.

Halafu fungua macho uangalie ndani ya ule ukingo pana nini leo. Hapana kaburi, mdogo wangu. Pana udongo, na magugu, maana umeacha kupalilia.

Kesho kata ule mkungu ndege wasije wakaumaliza. Mwombe Irakoze akushikie beseni, mkae palepale mmenye ndizi zilizosalia. Ukitetemeka, tetemeka huku unamenya. Mtoto ana njaa.