Nafasi ya Mtoto wa Tatu

Jumatatu, 6 Machi

Robine ya maji imekauka tena. Nimepanga mabido ya maji kwenye foleni kabla ya shule, nikasoma huku nasubiri. Wanawake wamecheka, eti huyu atajaza kichwa na bido atarudi nayo tupu. Nimegeuza ukurasa.

Mwalimu wa historia ametupa devoir ya kufanya nyumbani: kila mmoja achore ukoo wake. Upande wa Papa ni rahisi. Kwa kabila ni Mushi wa Bukavu, ndugu zake wako hai, nimewauliza kwa simu. Upande wa Mama ni Wanande, na wa kuuliza wamekwisha. Dada yake mkubwa, Mama Masika, aliolewa na mvuvi huko Vitshumbi. Vita vilipofika waliuawa wote wawili, pamoja na mtoto wao wa kwanza, Paluku. Amebaki wa pili, Kambale. Tunaye hapa Ndosho.

Jambo jema pekee mwaka huu.

Jumanne, 7 Machi

Kambale ana miaka sita hivi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikimbia alimkuta njiani peke yake, akaja naye hadi kambi ya Kanyaruchinya. Alikuwa anauliza watu: nani ndugu wa Masika, muuza samaki wa Vitshumbi? Habari ikamfikia Mama. Alipanda moto, pikipiki ya kukodi, bila kubadili kitambaa cha jikoni. Mara ya mwisho Mama kumwona Kambale, mtoto alikuwa mchanga, kabla barabara haijafungwa.

Mtoto hasemi. Ukimwita hageuki. Papa anadhani mabomu yameharibu masikio yake. Lakini leo nimeangusha kifuniko cha sufuria nyuma yake, akaruka.

Papa si mkali kwake. Nyumba imejaa tu, watoto wa kaka yake wanalala sebuleni. Siku ile ya kwanza alisema mtoto wa dada ya mke wake ni wetu, hakuna mjadala. Ingekuwa wa watu wengine, angemrudisha kambini, kwa wale wanaotafutia watoto ndugu zao.

Alhamisi, 9 Machi

Sina raha kabisa.

Nilikuwa nachora. Mtoto akaja kukaa karibu. Nikamwonyesha kwa penseli: hapa ni Paluku, na hapa ni wewe, Kambale. Akatikisa kichwa.

“Mimi Kakule.”

Sauti yake ya kwanza kwetu. Nzito kidogo, kama ya mtu aliyeamka.

Mnande hapewi jina hivi hivi. Kijana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Hata aliyekufa anahesabiwa. Hakuna Kakule asiye na watatu mbele yake.

Nikamwuliza kuhusu Kasereka. Ni kaka yake. Alimbeba mgongoni hadi Rwindi, akamwambia aendelee na watu, yeye anarudi kumchukua mama.

Si wetu. Mama Masika alizaa wawili. Na Masika ni jina la kila binti wa kwanza. Wauza samaki wa Vitshumbi labda nusu yao ni Masika. Yule mwanamke hakudanganya. Alituletea mtoto wa Masika mwingine.

Nikisema, anarudi kambini. Nikisema, Mama atajua pia kwamba Kambale hakuna aliyemwokota.

Ijumaa, 10 Machi

Sijasema.

Jumapili, 12 Machi

Baada ya misa tulisimama na Mama Kahindo, rafiki wa Mama wa kwaya, mtu wa Butembo. Akamshika mtoto kidevu, akamwuliza jina. Akajibu vizuri: Kakule. Mama Kahindo akacheka, eti Masika wenu alikuwa anahesabu vijana au anaruka-ruka kama mbuzi? Mama akacheka naye. Papa hakucheka.

Alingoja tukae mezani.

“Mama Nsimire, tukipokea mutoto wa kila Masika, siye tutalala wapi?”

Hakupaza sauti. Angepaza nisingeogopa hivi. Kisha akanigeukia mimi.

“Nsimire, ni weye unachora ukoo. Masika alizaa vijana ngapi?”

Watu wakinitazama nakauka. Nilikauka. Aliyejibu ni Mama.

“Batatu mbele ya huyu. Wa tatu balimuzika angali muchanga. Kasereka. Andika, Nsimire.”

“Na Kambale?” Papa aliuliza.

“Alikufa na mama yake.”

Alisema huku anapakua mboga ya sombe.

Ni uongo. Nyanya alipokufa nilimsikia Mama mwenyewe akimshukuru Mungu kwamba dada yake hakuwahi kuzika mtoto. Papa hakuwepo siku ile. Nilileta karatasi. Nikaandika Kasereka, nikaweka msalaba kama mwalimu alivyotaka kwa waliokufa. Nikaweka na wa Kambale. Papa alifuata penseli yangu kwa macho hadi mwisho. Akavuta sahani yake. Sijui kama aliamini. Alisema mtoto aongezewe fufu.

Mtoto alikuwa pale muda wote. Hakula.

Nimemsaidia Mama kudanganya na sijutii. Ila naona aibu mbele ya Kasereka, ambaye simjui.

Jumatano, 15 Machi

Mama ameomba misa ya marehemu wa familia, bila majina. Amerudi, amekaa kumenya mihogo. Nikamwuliza alijua lini kwamba huyu si Kambale.

“Kulekule kambini. Nilimuita Kambale, hakugeuka. Lakini nilikuwa nimekwisha kumubeba.”

Akaendelea kumenya. Kisu kilikuwa kinakata na nyama ya muhogo.

Jumamosi, 18 Machi

Mvua asubuhi. Tumeosha vyombo chini ya bati, mimi naosha, Kakule anasuuza. Sasa nyumba nzima inamwita Kakule, hata Papa.

“Yaya, Kasereka alikufa?”

Ananiita Yaya, dada mkubwa. Nilimwambia sijui.

“Lakini ulimuwekea musalaba.”

Nilipangusa mikono, nikaenda kuleta karatasi na gome la kufutia. Nikafuta msalaba wa Kasereka mbele yake. Jina nimeliacha. Wa Kambale umebaki. Mama alikuwa mlangoni, aliona yote mawili. Akaingia ndani.

Kakule alitazama pale palipofutwa, akapuliza vumbi la gome. Kisha akachukua sahani nyingine.