Mchinjaji Aliyenifundisha Kuchora

Mpwa wangu Nekesa,

Pokea salamu za huku mtaani Woodley. Mama yako anakohoa kidogo, lakini kanisani bado anashinda kwaya nzima kwa sauti. Umeniuliza kama ni kweli nilijifunza kuchora peke yangu, vile waliandika kwenye karatasi ya maonyesho yangu hapa mjini. Hiyo karatasi imenikasirisha sana.

Mimi nimechora Kampala, Juba, mpaka Lusaka, ambako kuku walidonoa mahindi niliyochora ukutani. Lakini nikiwa kijana nilichora fahali kwenye ukuta wa bucha moja Dagoretti, na mchinjaji mmoja, Mzee Mutua, akacheka mpaka akakaa chini.

"Kijana, huyu ng'ombe umempa magoti ya mtu. Miguu ya nyuma haikunjwi hivyo."

Nilitaka kumpiga. Akanishika mkono, akanipeleka zizini, akauweka juu ya mguu wa fahali aliye hai mpaka nikaelewa. Nilirudi kwake kila asubuhi mwaka mzima.

Kwa hivyo nilimwambia mwenye ukumbi wa maonyesho aandike jina la Mutua. Akaniambia, "Mzee, wageni wanapenda mtu ambaye hakufundishwa."

Mutua alishakufa, hawezi kujisemea. Nikashusha picha zangu zote wageni wakiwa na glasi mkononi, nikatoka nazo. Sasa ziko chini ya kitanda, na mama yako anasema nimejiharibia. Labda ni kweli. Lakini wewe ukiulizwa huko uliko nani alinifundisha, sema ni Mutua.

Mjomba wako,
Wafula