Kitenge cha Buluu Nilichomtumia Baraka

Nateete, Kampala

Baba Neema mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa kucha zake zimegeuka buluu na sabuni imeshindwa. Goti lako linaendeleaje? Unakunywa uji asubuhi, au unatoka na tumbo tupu kwa sababu sipo? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio hauko vizuri, na barua hii nimeichana mara tatu nikianza upya. Utavumilia mwandiko, shule yangu unaijua.

Nilikuambia nafanya kazi ya kutia vitambaa rangi kwa mama mmoja Mganda. Tunafunga kitambaa cha pamba kwa kamba, tunakizamisha kwenye pipa la rangi na dawa. Dawa moja tunaiita kostiki. Hiyo ndiyo inafanya rangi ishike, na ikibaki kwenye nguo inaunguza ngozi. Kwa hiyo tunasuuza, tunasuuza tena. Bosi hutuita nnyabo, yaani mama kwa Kiganda, na hachoki kupiga kelele: "Nnyabo, suuza mpaka maji ikuwe safi! Hiyo si supu!"

Kile kitenge cha kumbebea mjukuu wetu Baraka sikukisuuza hivyo. Mama Riziki, yule mchuuzi anayekuja huko, alikuwa anapanda basi siku hiyohiyo, na mimi nilitaka buluu ikolee, wakwe wa Neema waone. Nilikichovya kwenye maji mara moja tu, nikakianika. Wenzangu wakanicheka: "Huyu Mkongomani anataka rangi ya kupiga kelele!" Nikacheka nao.

Kilipofika, Neema alinipigia simu. "Mama, kinanuka dawa. Nikifue kwanza?"

Nikamfokea. "Ufue zawadi ya bibi yake hata watu hawajaiona? Unataka mama mkwe wako aseme nimetuma mtumba? Mbebe kwanza, uende naye kanisani." Unajua kwetu kitenge kipya hakiguswi na maji mpaka kionekane kinavyong'aa. Maskini, akanitii.

Jua, jasho, mtoto mgongoni. Uliponiambia Baraka ametoka malengelenge tumboni na mapajani, nilijua palepale. Ukasema mama mkwe anamwita Neema mchafu, eti hamwogeshi mtoto, na wamemrudisha kwako. Mimi nikajibu nini? "Poleni. Kile kitenge kiwekeni kando, ni cha siku kubwa." Nilidanganya, Baba Neema. Namshukuru Mungu ngozi inapona. Lakini binti yangu amebeba aibu yangu, na anajua, maana harufu aliisikia yeye. Amenyamaza kwa kunistahi.

Unakumbuka ulipokuwa unalima pamba? Ukitoka kupulizia dawa ya wadudu, mimi niko mlangoni na ufagio: "Usiingie! Usimguse Neema na hiyo sumu!" Unavua nguo nyuma ya nyumba, unaoga, majirani wanakucheka, na hukunikasirikia hata siku moja. Nilijiona najua sana mambo ya sumu.

Basi nakuomba uende na Neema kwa wakwe zake, uwasomee barua hii yote, usiruke mahali, hata pale nilipodanganya. Mama mkwe asikie kwamba uchafu ulitoka kwangu. Kitenge chenyewe msikitupe mtoni, mtu asije akakiokota. Kizikeni mbali na kisima.

Nisalimie dada yangu mkubwa wa sokoni, na mdogo wako fundi baiskeli, mwambie aache pombe. Mama mkwe wa Neema mwambie nampigia magoti. Neema mwambie kabla ya wote hao, namwomba msamaha yeye.

Na siku nikifika, nisimamishe mlangoni. Shika ufagio. Nitume nyuma ya nyumba nikaoge, majirani wacheke, ndipo unipe Baraka nimbebe.

Mimi mkeo,
Mama Neema