Siku Saba Bila Sabuni

Jumatano, 7 Mei
Nimefika saa moja na nusu. Nimebonyeza kidole kwenye mashine ya mlangoni, ikanikubali. Madam, mwenye ofisi hii ya kutafutia watu kazi, aliinunua ili tusimdanganye saa. Nimemchemshia chai. Benchi limejaa tayari: wanawake kumi na mmoja wanaotafuta kazi za nyumbani na za usafi. Nimewaandika majina. Kazi yangu ndiyo hiyo, kuandika watu na kuomba simu ilie.

Imelia. Hospitali inataka wasafishaji wanne, kazi ya kudumu. Kila mmoja apeleke risiti ya alama za vidole, ile ya cheti cha mwenendo mwema. Mwisho Jumatatu tarehe 19. Nimemwandika Atieno wa kwanza. Anatoka mtaa wa Raila kwa miguu kila asubuhi tangu Januari, na hajawahi kuninunia. Mchana anafulia watu nguo ili watoto wake wale.

Ijumaa, 9 Mei
Watatu wamerudi na risiti. Atieno amerudi mikono mitupu. Afisa alimpaka wino, akambonyeza mara nne, karatasi ikapata madoa tu. Miaka kumi na miwili ya sabuni ya unga imekula mistari yote. Akamwambia, "Mama, hapa hakuna kitu. Enda upumzishe hizo vidole, ukuje zikipona."

Nimekasirika. Mwizi asiyefanya kazi ana alama safi kabisa.

Madam amesema Jumatatu ya tarehe 19 ikifika bila risiti, nafasi ni ya Nafula, anayemfuata Atieno kwenye orodha. Hakusema kwa ubaya. Tukikosa mtu wa nne, hospitali itatafuta ofisi nyingine.

Jumamosi, 10 Mei
Nimemsimulia Mama. Akacheka. Alifulia matajiri wa Lavington miaka yote niliyosoma, dawa anaijua: siku saba bila kugusa sabuni, mafuta asubuhi na jioni, soksi mikononi wakati wa kulala. Yeye walimrudisha mara tatu alipokwenda kubadilisha kitambulisho. Nilikuwa naye siku moja, niko kidato cha pili. Niliona aibu, nikaenda kusimama mbali kama simjui. Leo nimelikumbuka hilo, chakula kikanishinda.

Jumatatu, 12 Mei
Dawa ipo, lakini Atieno asipofua, watoto wake hawali. Na akikosa siku moja tu, mteja anamshika mama fua mwingine. Nilikuwa bado natafuta la kumwambia, Nafula akasimama pale benchini.

"Nipeni hao wateja wake. Nitafua hii wiki, chenye nitapata ni chake."

Ni huyo huyo Nafula. Anajua Atieno akishindwa, kazi ni yake. Nilimwangalia nikidhani hajaelewa. Ameelewa vizuri sana. Mimi nisingeweza, naandika ukweli.

Alhamisi, 15 Mei
Atieno amekuja vidole vyekundu. Jana alimwogesha mtoto wa jirani, kisha akafua na nepi zake. Ati mikono ilikuwa inamwasha kwa kukaa bure! Nimemfokea mbele ya watu. Nafula alimpaka mafuta tu, kidole kimoja kimoja.

Shida nyingine: Nafula ni Msabato. Jumamosi hafui, hata umpe nini. Na Jumamosi ndiyo siku ya mteja mkubwa. Nimesikia mdomo wangu ukisema nitaenda mimi.

Jumapili, 18 Mei
Jana nilifua Kawangware, karibu na kituo cha 46, ghorofa ya tatu, tangu asubuhi hadi jua kuzama. Mablanketi manne, mapazia, jinzi zisizohesabika. Leo tena, mimi na Nafula. Vidole vimechubuka, ngozi inabanduka. Nimekata kitunguu nikaruka.

Siku mbili tu. Mama alifua miaka kumi na minane. Nimemwendea jikoni nikamwambia asante, kwa mdomo wangu, kwa mara ya kwanza. Akaniangalia kama mgonjwa. Akasema kama ni asante, basi nisonge ugali.

Kesho ndiyo mwisho. Naogopa zile nepi.

Jumatatu, 19 Mei
Saa tano Atieno alipiga simu. "Nekesa, zimeshika! Zote kumi!" Nikaweka sauti juu benchi lisikie. Aliyepiga vigelegele wa kwanza ni Nafula. Kisha akakaa, akavuta mkoba wake mapajani, akaendelea kusubiri kama kawaida. Nimefungua ukurasa mpya. Jina lake liko juu kabisa.

Mungu amenipa kazi nzuri. Nilidhani ni mimi ninayewasaidia watu wa benchi.

Nimesahau la asubuhi. Mashine ya mlangoni ilinikataa. Gumba, ikakataa. Kidole cha shahada, ikakataa. Mara tano, na watu wanangoja nyuma yangu. Madam akatoka, tayari kunigombeza. Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akautazama. Alirudi ndani akatoa daftari la zamani, akalipangusa vumbi, akaandika yeye mwenyewe: Nekesa, saa moja na nusu, amefika.