Hesabu ya Tangi la Juisi

Dada yangu,

Sisi hatujambo, na mtoto ameota meno mawili. Kazi sina tena.

Jumatatu tulikuta panya ameoza ndani ya tangi la juisi. Meneja akaziba pua, akaniambia, "Mkemia, piga hesabu. Kijiko kimoja cha uchafu kwenye chupa elfu ishirini si kitu."

Nikapiga mbele yake. Kijiko cha maji kina molekuli za idadi yenye tarakimu ishirini na nne. Nikagawa, kila chupa ikapata za tarakimu kumi na tisa.

Akacheka. "Basi hakuna atakayepunjwa."

Nikafungua koki, juisi yote ikaishia mtaroni. Akanifukuza papo hapo.

Zile chupa nilizowatumia watoto wiki iliyopita, zimwage. Panya yule alikuwa na siku nyingi mle.

Nisamehe,
Mdogo wako