Najua kosa la mshindani wa dada, nami nimekaa kimya

Shangazi mpendwa, nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanikasirikia.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, naishi na mama na dada yangu mkubwa ambaye ni daktari, na dada anaomba nafasi ya kusomea ubingwa wa macho, na mimi ndiye mgonjwa wake. Siumwi, ni mgonjwa wa mazoezi tu. Ananikalisha kwenye kiti sebuleni, anafunga mapazia, ananitilia matone ya kupanua mboni mpaka maandishi ya karibu yote yanakuwa ukungu na siwezi hata kufanya kazi za shule, kisha anachukua tochi yake ndogo yenye kitundu cha kuchungulia, anasogea mpaka mashavu yetu yanakaribia kugusana, na ananisimulia anachokiona nyuma ya jicho langu, na mimi nilikuwa nauvumilia mwanga ule kwa sababu, nikisema kweli, ndiyo saa pekee ambayo dada alinitazama bila kushika simu.

Kisha akaja Vidole. Ndivyo wanavyomwita hospitalini kwa kuwa vidole vyake ni virefu, na sasa dada hana jina jingine mdomoni, Vidole kasema hivi, Vidole kafunga uzi vizuri, Vidole kanichekesha. Vidole naye ni daktari, mwanamke kama dada, na anaomba nafasi hiyo hiyo, na mwaka huu nafasi ni moja tu, lakini dada anamkaribisha kwetu kila Jumamosi wajiandae pamoja kwa usaili. Wanajifunza kushona kwa kutumia macho ya mbuzi kutoka buchani, na siku mama alipofungua friji akakuta bakuli zima linamtazama alipiga yowe, nao wakacheka mpaka wakaegemeana, na mimi niliyetumwa kuliweka lile bakuli nilisimama pale pale na hakuna aliyenigeukia tucheke pamoja. Anakunywa chai kwa kikombe changu. Dada alipopigiwa simu na rafiki yake alisema, “Niko hapa na mdogo wangu wa kazini,” na mdogo wake wa nyumbani nilikuwa naosha vyombo hatua chache kutoka hapo.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya Vidole kunipima. Akanishika kidevu.

“Leo mgonjwa kanuna,” akasema.

“Muache huyo, ana wivu,” dada akajibu. “Mpe pipi atatulia.”

“Mimi si mtoto,” nikasema.

“Basi usipepese, bi mkubwa.”

Wakacheka tena. Na hapa ndipo shida yangu ilipo, Shangazi. Dada alinifundisha zamani kwamba jicho la kulia la mgonjwa hutazamwa kwa jicho la kulia la daktari, na la kushoto kwa la kushoto, ili nyuso zipishane. Vidole anatumia jicho lake la kulia kwa yote mawili. Akija kwenye jicho langu la kushoto pua zetu zinagongana, pumzi yake inaniingia mdomoni, na anajikunja shingo kama anayechungulia chini ya kitanda. Nadhani hajui kwamba ni kosa. Dada haoni, kwa sababu chumba ni giza na yeye hukaa nyuma ya kiti changu ameshika saa, kichwa changu kinamkinga. Siku ya usaili watapewa mgonjwa wa kweli, na mabingwa watasimama pembeni wakitazama kila kitu.

Alipomaliza aliniuliza kwa upole kabisa, “Mgonjwa wangu, kati yangu na dada yako, nani anakusumbua zaidi?”

Nikasema, “Mko sawa.”

Nikimwambia, atajirekebisha na huenda akamnyang'anya dada nafasi, na kwa kuwa ameshaninyang'anya dada mwenyewe, basi atakuwa amechukua vyote. Nikinyamaza, dada atapata. Mama anasema akipata atahamia mji mwingine kwa miaka yote ya masomo, ila hilo halihusiani na ninachouliza. Natumaini siku moja na mimi nitasomea macho, ndiyo maana naogopa kuanza vibaya. Je, nina wajibu wa kumsaidia mtu ambaye simpendi? Kabla ya usaili Jumamosi imebaki moja tu.

Mgonjwa wa Mazoezi

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu, nimesoma hadi mwisho na nimekasirika kidogo tu. Hata mimi ningenuna. Mtu anayetoa macho yake wiki baada ya wiki hadhihakiwi kwa pipi, anashukuriwa, na kama dada yako anapitia ukurasa huu basi aelewe kwamba ni yeye ninayemsema.

Lakini na wewe! Mtu mzima amekuuliza swali la wazi, kwa unyenyekevu, nawe ukamjibu mko sawa huku pua yako ikijua ukweli. Usiniambie unamlinda dada. Dada yako hakuomba ulinzi. Ni yeye mwenyewe aliyemfungulia mshindani wake mlango, akampa kiti na akampa macho ya mdogo wake, kwa sababu anataka kumshinda mtu aliyejiandaa. Wewe unataka amshinde mtu aliyeachwa gizani. Unadhani akijua ameshinda hivyo atafurahi?

Tena, una hakika unataka ashinde? Vidole umemwandikia aya nzima nzima, mpaka kikombe cha chai. Kuhama kwa dada yako umekuwekea sentensi moja na kusema hakuhusiani. Mwanangu, barua yako yote iko ndani ya sentensi hiyo. Vidole anakuchukulia dada siku ya Jumamosi, lakini nafasi hiyo itakuchukulia dada kwa miaka. Huwezi kuichukia nafasi anayoililia mtu unayempenda, kwa hiyo umemtafuta mtu wa kumchukia, na Vidole yuko karibu, anacheka kwa sauti.

Na kuna mwingine hujamfikiria kabisa. Ni bibi wa mtu fulani, atakayeketi mbele ya Vidole kwenye kiti cha hospitali, akipumuliwa mdomoni, akiona haya kumwambia daktari kwamba anamgonga pua. Kama kweli unataka kuwa daktari wa macho, huyo ni mgonjwa wako tangu leo.

Sasa fanya hivi. Jumamosi, kabla hawajakutilia matone, mwambie Vidole dada akiwa anasikia: “Dada, ukifika jicho langu la kushoto tumia la kwako la kushoto, vinginevyo tunagongana.” Mwite dada, ni mkubwa wako, hata kama neno linakukwaruza koo. Usijisifu kwamba ulilijua mapema. Kisha kaa utulie ajaribu, na ajaribu tena, maana jicho ambalo halijazoea kuchungulia huwa zito, atakukodolea vibaya na utatokwa na machozi. Vumilia mpaka aweze.

Vidole akishaondoka, msubiri dada yako akusanye vifaa vyake na umwambie hutaki aende. Usimwambie asiende, nielewe vizuri. Mwambie kwamba utaumia akienda. Hajui, kwa sababu kila anapokukaribia ana tochi mkononi. Halafu mwombe akae yeye kwenye kiti, akufundishe kumtazama.

Huenda Vidole akapata na dada yako akakosa. Ukilia siku hiyo nitakuelewa, naye ataomba tena mwakani. Ila kaseme Jumamosi hii. Ukingoja siku ya usaili mtakuwa mmechelewa nyote watatu.